Kidole cha Baba kwenye Fomu

Nyanya yangu alikuwa akisafisha ngisi barazani kwetu Bondeni, nami nikimsaidia, na ule wino ulinishika vidoleni hata sabuni ya kipande ikashindwa. Lakini sikukaa niandike habari za ngisi. Juzi nilipigishwa kidole gumba ofisini, na harufu ya kile kidau cha wino ikanirudisha zahanati, nikiwa msichana mdogo nimebeba mkoba wa mama.

Mama alikuwa amezaa mara nane, na daktari alimwambia wa tisa atamuua. Akataka kufunga kizazi. Fomu nayo ilitaka idhini ya mume, na baba hakujua kuandika.

“Weka kidole hapa, bwana,” sista akamwambia.

Baba akamgeukia mama. “Nikiweka, mimi na wewe basi. Mke asiyezaa nitamfanyia nini?”

“Utamsaidia kulea hao wanane,” mama akasema. “Weka, baba watoto.”

Sista akainama kuficha kicheko. Baba akabonyeza kidole, akakipangusa kwenye ukuta mweupe, akavaa kofia yake. Akatoka kuelekea Shimanzi alikokuwa akipakua magunia, na nyumbani hakurudi tena.