Nyumba ya Pili katika Daftari la Kodi

Baba mkubwa alitaka kumtoa bibi kwenye kihamba, shamba la migomba na kahawa alilolilima tangu ujana wake. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Babu alikuwa ameshakufa, baba yangu pia. Nilibaki mimi, binti mwenye mdomo aliyemaliza darasa la nane, na kazi ya kutafuta ushahidi ikaniangukia.

Hoja ya baba mkubwa, mtoto wa mke mkubwa, ilikuwa moja: bibi hakuwa mke. Aliolewa na mdogo wake babu, akafiwa, akahifadhiwa tu pale nyumbani. Sisi tulijua babu alimrithi kwa mila, akamjengea nyumba, wakamzaa baba yangu. Lakini mshili, mkuu wa ukoo wetu, alitaka maandishi.

Nilianza kanisani, pale Nkoaranga. Mchungaji alinifungulia kitabu cha ubatizo. Jina la babu lilikuwepo, na mbele yake: mke mmoja. Chini yake bibi: mjane wa ndugu yake, anatunzwa. Nilielewa. Mwenye wake wawili hakubatizwa, na babu aliutaka ubatizo. Hata hivyo nilimkasirikia marehemu, nikatoka bila kuaga vizuri.

Siku ya pili nikateremka mpaka Usa River, nikapata lori la kwenda bomani Arusha. Karani wa kodi, mzee wa Kiislamu wa mjini, aliitikia shikamoo yangu kisha akaniambia madaftari si ya watoto. Nilikaa kwenye benchi mpaka akachoka kuniona.

Kodi ilihesabiwa kwa nyumba, na kila mke alikuwa na nyumba yake. Kwa babu ziliandikwa mbili. Nyumba ya pili: mke. Nilifunua mwaka baada ya mwaka. Mwandiko wa makarani ulibadilika, neno halikubadilika.

"Mjane husamehewa," karani akaniambia. "Wengine huja hapa wakawaita wake zao wajane. Babu yako angesema kweli nusu tu, kwamba ni mjane wa ndugu yake, na nyumba hiyo isingelipiwa. Lakini alilipa."

Akaninakilia, akagonga muhuri. Mbele ya mshili nilisoma kwa sauti, taratibu, nikimtazama baba mkubwa usoni. Adabu zangu siku hiyo niliziacha nyumbani. Mshili akaamua bibi asiguswe maisha yake yote.

Nilidhani bibi angefurahi. Hakujua kusoma, na habari za ubatizo wanaume ndio waliozipeleka kwa mchungaji. Tuliporudi aliniuliza kanisani aliandikwaje. Nilitaka kumdanganya, nikashindwa.

Alikaa chini, mikono mapajani.

"Kwa hiyo serikali ilijua mimi ni mkewe," akasema. "Aliyefichwa ni Mungu."

Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani, na mimi sikumuuliza.