Kiinua Mgongo Changu na Karamu ya Kumuaga Mama

Mkasa huu nilitaka nife nao, lakini kwa kuwa kaka yangu Wafula ameshawasimulia nusu ya Bungoma na nusu ya Maryland huku Marekani, afadhali muusikie kutoka kwangu mwenyewe niliyeaibika, mnicheke usoni badala ya kunicheka nikigeuka.

Mnajua vile nilifutwa kazi. Miaka yote ile kwenye ofisi moja, siku moja tukaitwa chumba cha mikutano, tukapewa bahasha na maji ya chupa (maji ya chupa jamani, kana kwamba tumetoka kukimbia mbio), tukaambiwa asanteni, kwaherini. Kiinua mgongo kilikuwa kizuri, sitasema uongo, na nilipoangalia karatasi nikaona serikali imeshakata kodi yake. Nikasema vizuri, wamekula chao, tumemalizana. Hata hakikukaa: kikalipa karo ya mwisho ya binti yangu Nekesa, aliyekuwa anamaliza chuo kikuu pale College Park, na kilichobaki kikamezwa na madeni.

Mungu si Athumani, wiki chache baadaye nikapata kazi nyingine Upper Marlboro. Siku ya kwanza wakanipa ile fomu ya kuwaambia wakukate kodi kiasi gani, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Yule mama wa ofisini akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mwaka huo nilikuwa na mapato mengine. Nikamjibu, kwa madaha, kwamba kiinua mgongo si mapato, ni pole ya kufukuzwa, na isitoshe kimeshakatwa! Nikajaza wanikate kidogo iwezekanavyo (mjanja mimi!), nikawa naenda nyumbani na mshahara mnono, huku nikijua kwamba mwezi wa nne serikali itanirudishia pesa ya kodi kama kila mwaka, kwa sababu nina mtoto chuoni. Na pesa hiyo ndiyo niliyomwahidi mama kwamba itamnunulia tiketi aje amwone Nekesa akivaa joho.

Muelewe, mama ndiye aliyemlea Nekesa miaka yake ya mwanzo mimi nikihangaika huku, kwa hiyo mahafali yale yalikuwa yake kuliko yangu. Viza alikuwa ameshapata. Basi Wafula, bila kungoja tiketi, akaandaa karamu ya kumuaga, Jumamosi ya Pasaka, sababu Pasaka watu wote wako nyumbani. Ng'ombe akachinjwa, tenti zikakodiwa, kwaya ikaitwa.

Saa hiyo huku ilikuwa asubuhi, nami niko Annandale kwa Bwana Mshana, Mtanzania anayetutengenezea hesabu za kodi. Simu ya video ikaingia. Kumbe kule wameiunganisha na spika za kanisa! Nikamwona mama amekaa mbele kabisa na gauni jipya, watu wanapiga vigelegele wananitaja jina, na mimi kichwa kikavimba.

Bwana Mshana akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Dada, samahani, si tungeongea hao wakishakata simu?"

"Hao ni watu wangu," nikamwambia. "Sema tu, tena kwa sauti wasikie."

"Una uhakika?"

"Sema, kaka!"

Basi akasema, kwa Kiswahili chake safi ambacho hata mtoto wa chekechea angekielewa: "Kiinua mgongo ni mapato, dada. Kinajumlishwa na mshahara wa kazi ya kwanza na wa kazi ya pili. Walichokata mwanzoni yalikuwa makadirio tu. Sasa jumla yako imepanda, ile nafuu ya mtoto wa chuo umeikosa, na huko kazini ulijaza ukatwe kidogo. Hurudishiwi kitu. Wewe ndiye unayedaiwa."

Vigelegele vikakatika. Nikasikia bibi mmoja akiuliza amesema nini, na pasta (Mungu amsamehe, maana mimi bado sijaweza) akashika maikrofoni akamfafanulia. "Anasema pesa ya tiketi haipo. Tena anadaiwa na serikali."

Mama akasogea karibu na simu. Sikuweza kumtazama.

"Kata simu, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Kata."

Nikakata. Nilipofika nyumbani nikamweleza Nekesa, akanijibu, "It's fine, Mom," akaingia chumbani akafunga mlango. Siku ya mahafali alicheka na kila mtu, mimi akanipa shavu moja la kupiga picha.

Siku hizi nawaambia watu bila kuulizwa: ukipewa kiinua mgongo kisha ukapata kazi nyingine mwaka huo huo, weka kitu kando, na muulize anayejua kabla hujajifanya mjanja kwenye fomu. Deni nalilipa kila mwezi, nusu ya jasho langu inaenda huko. Nami nimeapa sitamwahidi mtu tena pesa ambayo haijaingia mkononi, hata mtoto peremende. Lakini aibu hakubaki nayo mwenye kosa. Mama hajawahi kuvuka Nairobi, alikoenda kuomba viza, na mpaka leo akienda sokoni hakosi mtu wa kumuuliza, huku wengine wanaziba midomo, "Mama Wafula, Amerika ulirudi lini?"