Mchuzi kwa Watoto, Maharagwe kwa Wapita Njia

Kumepambazuka Kabambare, mashariki mwa Kongo, na Célestine Feza anapuliza moto chini ya sufuria mbili kando ya barabara ya Salamabila. Moja ina maharagwe, nyingine maji ya kusongea bugali wa muhogo. Pikipiki ya kwanza imeshasimama, tope hadi kwenye taa.

"Mama Sonia, leo iko na maharagi?" anauliza Kasimu, dereva anayepeleka wachuuzi kwenye machimbo ya dhahabu.

"Iko, lakini ngojea kwanza. Ya nyumba inatoka mbele."

Anachota upawa wa kwanza, maharagwe mengi na mchuzi kidogo, anaumimina kwenye bakuli la bati na kulifunika kwa sahani. Baada ya hapo ndipo Kasimu anapata chake. Wateja wamezoea kungoja, ingawa wageni hununa.

Zamani haikuwa hivi, na Célestine hapendi kuikumbuka hiyo zamani.

Kwa miaka mingi wateja walikula maharagwe, wanawe wakala bugali na mchuzi. Wala hakuwa mama mchoyo. Aliamini, kama alivyoamini mama yake aliyekuwa akipikia wasafiri, kwamba maharagwe yakichemka sana nguvu yote huhamia kwenye maji, punje zikabaki makapi matupu.

"Nilisema wateja wakule ile imebakia, watoto wangu wakunywe nguvu," anasema. "Kumbe nilikuwa nagawia nguvu watu ya njia."

Muhogo ulimdanganya zaidi, maana unashibisha. Sonia, kitinda mimba wake, alikuwa akilala tumbo limejaa. Alipofikisha miaka mitatu mashavu yakavimba, miguu ikanenepa. Majirani wakampongeza mama. Naye, masikini, akafurahi.

"Nilimubeba kanisani nikionyesha watu," anasema, kisha anageuza uso kutazama moto.

Nywele za mtoto zilipoanza kuwa nyekundu, naye akaacha kucheka, alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi Musafiri akaubonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale. Ule haukuwa unono. Ulikuwa uvimbe wa utapiamlo.

Musafiri bado anawaeleza akina mama jambo lilelile. "Muhogo unakupa nguvu ya kulima na kutembea, hatuutukani," anasema. "Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinasaidia macho. Lakini mwili wa mtoto haujengwi na mizizi peke yake. Maharagwe yanajenga, na kile kinachojenga kiko zaidi ndani ya punje, si kwa maji."

Sonia alipona. Sasa ana miaka minane, mfupi kuliko wenzake wa darasani, mwepesi wa kuimba. Tunapozungumza na mama yake anatoka ndani amevaa sare, anasalimia kwa adabu, anafunua bakuli. Anakunywa mchuzi wote. Kisha analisukuma bakuli kwa mama yake, punje zote zikiwa chini.

"Mama, hii ya wateja."

Anaaga na kushika njia ya shule.

Célestine amejaribu kumbembeleza, amejaribu hata kuziponda. Mtoto hula kidogo tu, tena akitazamwa. Mkono wake ulipigwa mara nyingi mno ukifuata punje pembeni mwa sufuria hii, na aliyeupiga ni mama mwenyewe. "Mimi njo nilimufundisha," anasema. "Alisikia vizuri sana."

Msimu huu amepanda maharagwe nyuma ya nyumba, karibu na mihogo, na hatauza hata punje moja. Anayaita shamba la Sonia. Anataka mtoto ayachume mwenyewe, ayapike mwenyewe, pengine atakubali kwamba ni yake.

Pikipiki nyingine inasimama. Sufuria ya maharagwe imebaki tupu. Dereva analiona bakuli na kuuliza kama lina mwenyewe.

"Iko na mwenyewe," Célestine anajibu, akilifunika tena. "Ameenda masomo. Atarudia."