Makopo Mawili ya Vitamini

Mama alipopasuliwa na kuondolewa kipande cha tumbo, daktari alitwambia kwamba mwili wake hautaweza tena kujipatia vitamini B12 ya kutosha kutoka kwenye chakula. Alianza kwa sindano. Miguu iliyokuwa imeingia ganzi ikarudi taratibu, naye akaruhusiwa kuendelea na vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B, kimoja kila asubuhi, maisha yake yote.

Vidonge hivyo tulivinunua kwa jirani yetu, mwanamke anayevuka mpaka wa Petite Barrière karibu kila siku kuleta bidhaa kutoka Goma, upande wa Kongo. Alikuwa anatuletea mpaka mlangoni, kopo jeupe lenye maandishi ya kijani, na kila mara alikaa kidogo kumjulia mama hali. Sikuwa na sababu ya kumtilia shaka, na mpaka leo sina.

Miezi ilipita vizuri. Kisha asubuhi moja mama aliingia jikoni akiwa amevaa kandambili moja. Nilimwuliza nyingine iko wapi, akatazama chini, akashtuka. Ilikuwa imemtoka ukumbini na mguu haukumwambia kitu. Mimi ni mwalimu, nimezoea kuficha hofu mbele ya watu, lakini siku ile nilimwaga chai.

Nilimwuliza kama aliruka dawa. Aliudhika. Hakuwahi kuruka hata siku moja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili chetu cha Karagwe, tulikoishi kabla ya kurudi Rwanda:

"Mwanangu, nina neno la aibu. Vidonge vya kopo la zamani vilikuwa vinafanya mkojo wangu uwe wa manjano sana. Vya kopo hili, hapana. Nilidhani mwili umezoea."

Nilichukua kopo jipya, na lile la zamani ambalo alikuwa anatunzia vifungo, nikampeleka mama kwa mfamasia wa mjini, mzee mpole ambaye huwa hana haraka na mteja. Mama alikataa kulisema lile neno lake, nikalisema mimi. Mzee hakucheka. Aliyageuza makopo yote mawili kwenye mwanga wa dirisha. Jina lilikuwa moja, nembo moja, kipimo kilichoandikwa ni kilekile, ila namba za toleo zilikuwa tofauti, na maandishi ya kopo jipya yalikuwa yamepauka kidogo.

"Mukecuru, umefanya vizuri kuangalia," alimwambia mama, akitumia neno la heshima la Kinyarwanda kwa mwanamke mzee. "Hii karatasi inasema tu kile walitaka kuweka ndani. Kile kiko ndani kweli, karatasi haijui."

Alitueleza kwamba kuna watengenezaji wasiopima kila toleo, na kwamba vitamini nyingine huharibika zikikaa juani. Rangi ya mkojo, alisema, huletwa na vitamini moja tu kati ya zile zilizomo, kwa hiyo haithibitishi habari za nyingine. Tusibishane na kopo, twende hospitali tukapime damu.

Tulikwenda siku ileile. Kiwango cha B12 kilikuwa kimeshuka karibu kufikia kile cha kabla ya sindano. Daktari akamrudisha kwenye sindano, akasema tumewahi. Tungekawia, huenda ganzi ingebaki.

Kazi iliyonisumbua zaidi ilikuwa kumwambia jirani. Nilimweleza polepole, nikirudia kwamba simlaumu. Alilishika lile kopo akaligeuza pande zote.

"Mi sikujua," alisema. "Nilifikiri ni ileile. Wenye niliuzia, nitawafikia wote."

Akafanya hivyo kweli. Alipanda mpaka Busasamana, akaenda Mahoko, nyumba kwa nyumba, akiwataka watu waache kopo lile na waende kupima. Wengine walimsema vibaya na hawakununua tena kitu kwake. Yeye mwenyewe aliacha kuuza dawa, siku hizi analeta vitenge na sabuni. Mama mmoja wa Mahoko alipima na kukuta damu yake imepungukiwa vitamini vilevile. Alikuja mpaka kwetu kushukuru, nami nikamwelekeza kwa jirani, maana ndiye aliyestahili.

Sasa mama anapata sindano kila mwezi, na kila baada ya miezi kadhaa tunapima damu badala ya kukisia. Vidole vya miguu bado vinamwasha wakati wa baridi, lakini Jumapili anatembea mwenyewe mpaka kanisani na kusimama nyimbo zote. Namshukuru Mungu kwa hilo. Namshukuru pia yule mzee aliyemsikiliza mwanamke wa umri wa mama yangu bila kumfanya ajione mjinga. Na jirani yangu, nikimsikia barabarani akirudi kutoka mpakani, huwa natoka kumpokea mzigo.