Waya za Guyo

Jumatatu, siku ya tisa ya Ramadhani, nilimpoteza kaka yangu Guyo. Haya ninayoandika yalitokea hapa Kiwanjani, mchana kweupe. Mimi si mtu wa hadithi.

Guyo alikuwa na leseni ya redio ya mawasiliano. Kila siku baada ya alasiri alizungumza na Mzee Jarso wa upande wa Merti. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, na bomani kwa mzee simu haishiki. Ua wetu ni hatua sita kwa nne, kwa hiyo antena ilikuwa bomba moja tu la alumini, limesimama wima kati ya tangi la maji na choo. Siku ya mazishi nililishusha kwa mikono yangu ili turubai la waombolezaji lipate nafasi.

Turubai lilipoondolewa nikakumbuka: nani amemwambia mzee? Nikasimamisha bomba tena. Siku mbili redio ilivuma tu.

"Hiyo bomba yako itazaa lini?" jirani yangu Mama Halima aliniuliza juu ya ukuta.

"Ikipata mvua, mama."

Nikafungua daftari la Guyo. Alikuwa amechora bomba, na chini yake miguu mingi ya waya kama ya buibui, imezikwa na kukunjwa kufuata ukuta. Hapo niliona aibu. Wapishi wa msiba walipochimba mahali pa kuweka sufuria waling'oa waya hizo ardhini, nami nikazifunga ziwe kamba za nguo. Nguo zetu zilikuwa zinakauka juu ya nusu ya antena! Nilizianua, nikazika waya zote, nyingine zikazunguka choo. Sikumwambia mtu.

Alasiri hiyo mzee akasikika kama yuko chumbani. Leseni haikuwa yangu, nakiri, lakini nilijibu. Nikasema mimi ni mdogo wake Guyo, nina habari nzito.

"Habari gani? Guyo naongea na yeye kila siku. Hata jana. Alikuwa anacheka, anasema, 'Huyu mdogo wangu ameanika nguo kwa waya zangu.'"

Niamini. Wewe ungesema nini? Mimi nilisema ukweli: mzee, tulimzika Jumatatu.

Mzee akasema polepole, "Inna lillahi."

Tangu siku hiyo Guyo hajamwita tena. Mzee hanilaumu, lakini kila alasiri ananiuliza kama mimi nimesikia chochote. Basi wewe unayesoma, ukifiwa na mtu wa redio, antena yake usiiguse kabla hujawafikia wanaomngoja. Na ukiwafikia, waulize kwanza wao wamesikia nini.

Juzi mzee alisema, "Kijana, chimbua waya moja. Anika nguo. Tujaribu."

Nilichimbua moja, nikaanika shati la Guyo la kijani. Tukangoja, yeye huko, mimi huku, redio ikivuma tu. Adhana ya magharibi ilipoanza nikalianua. Lilikuwa limekauka.