Mizunguko Mitatu ya Treni ya Babu

Mmmmmm. Sauti yenyewe ni hiyo tu. Juzi nilisimama dukani Mji wa Kale nikingoja kupimiwa sukari, friji la soda likaanza kuunguruma vivyo hivyo, na mimi, mtu mzima ninayejiona bibie, viganja vikanitoka jasho. Muuzaji akaniuliza kama naumwa. Nikacheka. Ningemwambia nini, kwamba naogopa friji?

Siogopi friji, mwenzangu. Naogopa treni ya babu.

Ilikuwa treni ya kuchezea, lakini si hizi za plastiki za siku ya Idi. Hii ilikuwa ya chuma: injini ya kijani, mabehewa manne, na reli za kuunganisha zilizojaza ukumbi mzima. Babu alifanya kazi kwenye reli maisha yake yote, na mkubwa wake mmoja aliporudi kwao alimwachia. Kila Idi, baada ya pilau, babu alipiga magoti, akatia kila gurudumu tone moja la mafuta ya cherehani, kisha akawasha umeme. Watoto wa kichochoro kizima tulijipanga ukutani, hata kupumua twaona tabu. Mimi nilikuwa abiria wa behewa la tatu. Nilishuka kila mji wa dunia, na miji yote ilikuwa chini ya kitanda cha nyanya, hapo hapo ukumbini.

Babu akafariki. Kisha macho ya nyanya yakaingia mtoto wa jicho. Alikuwa mshona kofia, na sasa tundu la sindano akawa analitafuta kwa ulimi. Daktari akasema apasuliwe upesi, kabla giza halijafunga kabisa. Nyumbani kitu cha kuuza kilikuwa kimoja tu.

Mnunuzi akapatikana: mzee wa Kihindi mwenye duka la misumari hapo mjini, mkaazi wa Kizingo, aliyekuwa na ugonjwa wa treni hizi kama wengine walivyo na ugonjwa wa kufuga njiwa. Akatuma neno kwamba atakuja asubuhi kabla ya kufungua duka. "Na mwambieni bibi, mimi sinunui treni ya kutazama. Izunguke mara tatu bila kusita."

Alasiri ile nyanya akanipa kazi ya kuipangusa. Nikaipangusa mpaka ikang'aa. Nikatafuta mafuta ya cherehani, kikopo kikavu. Basi nikachukua chupa ya nyanya ya mafuta ya nazi, yale ya nywele aliyoyatia asumini. Nikaona hiyo ndiyo heshima hasa. Sikutia tone, nilimimina. Treni ikakimbia kama imechokozwa, nami nikalala na furaha yangu.

Ulikuwa wakati wa kipupwe. Wewe mtu wa pwani umeshajua yaliyofuata. Mimi, niliyeiweka chupa ile ile juani kila asubuhi ya baridi ili mafuta yayeyuke, sikujua.

Mzee akaja, akavua viatu, akalala kifudifudi kwenye sakafu, sikio karibu na reli. Nyanya akapapasa kitufe, akawasha.

Mmmmmm. Injini ikalia, isiende.

"Bibi, imekufa hii."

"Imekufa wapi? Jana nimeisikia kwa masikio yangu haya, yapita mbio!"

"Masikio yako mazima, bibi. Injini ndiyo mbovu." Akainuka, magoti yakimlia. "Ntarudi adhuhuri nikifunga duka. Ikikataa tena, basi. Siwezi kununua maiti."

Alipotoka, nyanya aligeuka kunitazama, akakosea, akautazama mlango. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nilimwona kipofu, anaongozwa mkono kichochoroni, na aliyempofua ni mimi.

Nikaipindua injini. Katikati ya magurudumu, mafuta yalikuwa meupe, yameganda kama mshumaa. Nje manyunyu, jua hakuna. Jikoni nikaogopa, moto ungebabua rangi. Basi nikaitia injini ndani ya gauni, nikaibana na tumbo, nikachutama nyuma ya mlango. Ilikuwa baridi kama samaki wa barafu. Nikasoma kila sura ya Kurani niliyofundishwa chuoni, zilipokwisha nikaanza upya.

"Mbona umejikunja hivyo?" nyanya akauliza. "Ni tumbo?"

"Ni tumbo, nyanya." Wala sikusema uongo.

Adhuhuri mzee akarudi, akalala tena sakafuni. Mzunguko wa kwanza, treni ikapita. Wa pili, penye mguu wa kitanda ikapunguza mwendo, na moyo wangu nao ukapunguza. Ikajivuta. Ikapita. Wa tatu ulipokwisha mzee akanusa hewa.

"Bibi, treni yako yanukia bi harusi!"

Nyanya akacheka, mara ya kwanza tangu babu afe. Treni ikatoka mlangoni ndani ya katoni ya sabuni.

Nyanya akapasuliwa macho. Walipomfungua kitambaa alinitazama, akasema, "Kumbe umekonda namna hii?" Wote wakafurahi. Mimi nilikuwa bado naogopa. Kila asubuhi ya baridi nilijua kwamba kule Kizingo injini inaganda, na kwamba mlango ukigongwa ni mzee, amekuja kuirudisha. Niliamini kabisa kwamba treni ikirudi, na nyanya atarudishiwa giza lake.

Siku hizi nyanya hayuko. Alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe mpaka mwisho wake. Duka la misumari sasa lauza simu. Ukumbi umepangishwa, una vitanda vinne, reli haingepata pa kupita. Wale watoto wa ukutani sijui hata wako wapi.

Lakini kipupwe kile kile, asubuhi moja, nilimwomba fundi cherehani wa jirani anijazie chupa tupu ya marashi mafuta ya mashine yake. Sikumwambia nyanya. Nikaenda peke yangu mpaka duka la misumari. Mzee alikuwa akipima misumari, akanitazama juu ya miwani. Nikaiweka chupa kando ya mizani.

"Ile treni niliitia mafuta ya nywele," nikasema. "Haya ndiyo yake."

Nikasimama pale pale, sikukimbia.