Jeni ya Kulelewa

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata diploma ya maabara, na niliipata ng'ambo kwa jasho langu, nikiosha sufuria za watu na kusoma. Nasema bila aibu. Niliporudi Kasese nilikuwa nimefanya kazi mahali ambapo virusi hupandikizwa jeni isiyo yao, kisha huoteshwa chupa baada ya chupa, nasi tunapima kama jeni ile bado imo. Mara nyingi hupotea. Ni mzigo. Kirusi kinachoutupa huzaana haraka kuliko wenzake, na mwishowe chupa nzima huwa kizazi chake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikimweleza mama nyumbani Bwera, wakati Ebola ilipovuka mpaka. Dada yangu alikuwa amempokea mteja wake wa biashara kutoka Beni, upande wa Kongo, mwenye homa, akamtandikia kitanda. Mteja alifariki, na wauguzi wakaja kusema dada achanjwe.

Dada huyu hakuzaliwa na mama. Aliletwa mdogo, watu walipokuwa wakikimbia vita Kongo, akabaki kwetu. Sisi Wakonzo humwita mtoto kwa nafasi aliyozaliwa: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wavulana kivyao na wasichana kivyao. Yeye alibaki na jina alilokuja nalo.

"Na hii chanjo," aliuliza huku akichambua maharage, "nayo iko na jeni ya kulelewa?"

"Ndiyo. Ni kirusi cha mifugo kilichopewa jeni ya ganda la Ebola."

"Basi ataitupa, vile umesema. Mutu ya kulelewa, chakula ikipungua, anajua mulango iko wapi."

Mama aliweka ungo chini. "Nani alikufukuza hapa?"

"Hakuna, mama. Lakini hakuna mwenye alinihesabu."

Nilijibu kile nilichokijua. Nilimwambia kwamba katika chanjo hii jeni ya ganda la kirusi chenyewe iliondolewa, na ile ngeni ikawekwa mahali pake. Kirusi kikiitupa, hakiwezi kuingia katika chembe yoyote ya mwili, kinafia nje. Kwa hiyo hukaa nayo.

"Kumbe walifukuza mutoto ya nyumba." Alicheka kidogo, akajifuta mikono. "Hiyo nimesikia. Twende."

Kwenye hema la chanjo muuguzi aliuliza jina. Kabla dada hajafungua mdomo, mama, aliyekuwa ametufuata kimya, alitaja jina la msichana wa tatu. Mama alizaa wasichana wawili tu. Dada alitazama chini, akatoa mkono.

Kesho yake joto likampanda. Chanjo hii huleta homa, na Ebola nayo huanza kwa homa. Mimi mwenye diploma nilimshika paji la uso kwa glavu na sikuweza kutofautisha. Walimchukua, wakamweka kwenye hema la kutengwa, nasi tukabaki nje ya uzio tukingoja majibu ya damu.

"Bwana Diploma," aliita kutoka ndani, sauti imekauka. "Ni chanjo ao ni ugonjwa?"

"Tungoje maabara."

"Si wewe ndiye maabara?"

Mama alinisogeza kando, akashika uzio, akamwita kwa lile jina la msichana wa tatu. Akaita tena, taratibu, kama anayemwita mtu aje kula, mpaka ndani ya turubai dada akaitika.